Mkono wa Amina

*Jumatano, saa 3 asubuhi*

Baba Amina: Shikamooni wakubwa. Juzi asubuhi Amina alichomwa ile sindano ya kupima TB ya kwenye ngozi, maana Babu ameanza dawa za TB mwezi huu. Leo mkono umekuwa mwekundu! Nimepima kwa rula, milimita 28. Karatasi ina neno "induresheni" na nafasi ya kujaza milimita. Niandike 28?

Bibi: Yarabi. Mjukuu wangu kapata?

Shangazi Rehema: Mama, tulia kwanza. Baba Amina usijaze kitu, hiyo kazi ya nesi. Umepima wekundu, na wekundu hauhesabiwi. Induresheni ni ugumu, pale nyama ilipokakamaa.

Baba Mdogo: Yaani uvimbe?

Shangazi Rehema: Uvimbe unaweza kuwa laini, kama mguu uliojaa maji, ukibonyeza unabonyea. Huu unagoma, na una ukingo. Seli za kinga zinazoitambua TB zinajazana pale alipochomwa, ndiyo maana tunangoja siku mbili. Mama, kumbuka embe: rangi imeenea kote lakini kidole ndicho kinachojua palipo pagumu.

Mama Amina: Nimefumba macho nikapapasa taratibu. Kweli wifi! Kadogo, kama kifungo cha shati.

Shangazi Rehema: Ndiyo hako. Nendeni leo hii, saa 72 zikipita hakisomeki vizuri. Nesi atasogeza peni kutoka nje kuja katikati. Ikigota, anatia alama. Upande wa pili vilevile. Kisha anapima kukatisha mkono, siyo kufuata urefu wake.

*Saa 9 alasiri*

Mama Amina: Tumetoka. Wameandika induresheni milimita 11.

Bibi: 11 ni mbaya?

Shangazi Rehema: Kwa mtoto anayeishi na mgonjwa, hiyo ni chanya. Lakini Mama nisikilize: chanya maana yake huenda vijidudu vimeingia mwilini, siyo kwamba anaumwa. Hata BCG, ile chanjo ya TB, inaweza kuleta ugumu. Atapigwa picha ya kifua. Wakihakikisha haumwi, atapewa dawa za kukinga. Azimeze zote mpaka mwisho.

Mama Amina: Picha ni kesho saa tatu. Hana kikohozi, na ugali kamaliza.

Bibi: Alhamdulillah.

Babu: Mwambieni Amina babu yake kameza dawa za leo.