Dalia za kwenye viriba: mbolea ianze lini kabla ya kuhamishia bustanini?

Mkazi wa Ilboru

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko Ilboru, Arusha. Shangazi yangu wa Marangu amenigawia viazi vya maua ya dalia, nyekundu iliyokolea na nyingine za zambarau. Nimevipanda kwenye viriba vikubwa na ndoo za rangi nilizozitoboa chini, vipo barazani upande unaopata jua la asubuhi. Udongo ni wetu ule mweusi, nimechanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa pamoja na mchanga wa mto.

Vingi vimechipua, majani ya kwanza yamefunguka. Viwili bado kimya. Nataka kuhamishia bustanini mwanzoni mwa Oktoba, vuli ikikaribia, kwa sababu mama anataka zichanue Krismasi ndugu wakipanda kutoka Dar.

Nianze kuweka mbolea sasa au nisubiri zikiwa ardhini? Kwenye duka la pembejeo mmoja ameniambia UREA, mwingine DAP. Maji namwagilia kila jioni.

Kijana wa Usa River

Kaka, chukua UREA, tupia kidogo kila kiriba kila wiki na maji mengi. Mchicha wangu naupeleka hivyo hivyo na unanenepa haraka sana. Majani utayaona mwenyewe.

Mama Dalia, Kibosho

Marahaba mwanangu. Mimi nalima dalia huku Kibosho, juu ya Moshi. Jumamosi nakata za kanisani, zinazobaki nauza. Huo mfuko wa UREA usiufungue kwanza.

Kiazi cha dalia ni ghala. Chipukizi linapotoka linakula kiazi, udongo wako bado halijaugusa. Likifikisha jozi ya tatu ya majani ndipo mizizi mipya, ile myeupe myembamba, inakuwa imetawanyika vya kutosha kuvuta chakula. Ukiweka mbolea ya dukani kabla ya hapo haina wa kuila. Inabaki kiribani, inaunguza ncha za mizizi, na kiazi kinapata jeraha la kuingilia uozo. Samadi uliyochanganya inatosha kwa sasa.

Kinachoua dalia changa huku kwetu ni maji kuliko njaa, kwa hiyo kila jioni ni kupita kiasi, hasa na udongo mweusi. Ingiza kidole mpaka kifundo cha pili, ukikuta unyevu uache mpaka kesho. Vile viwili vilivyo kimya usivimwagilie kabisa. Vifukue taratibu utazame shingo, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani. Macho ya dalia yako hapo tu, hayajatapakaa mwili mzima kama ya kiazi mviringo. Kiazi kilichotenganishwa bila kipande cha shingo kinaweza kukaa kigumu kwa miezi, hata kikatoa mizizi, lakini chipukizi hutaliona. Kama shingo ipo na kiazi hakibonyei, rudishia udongo ungoje. Tumetoka kwenye baridi ya Julai na Agosti, na udongo ukiwa baridi viazi vingine huchelewa kuamka.

Sasa mbolea. Jozi ya tatu ikikamilika, anza na NPK 17-17-17, ile yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa, kijiko kimoja cha chai kwenye maji lita 10. Iloweke usiku kucha maana chembe zake haziyeyuki upesi, kisha mwagilia kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa tayari na unyevu. Kamwe usimwage kwenye udongo mkavu.

Mwenyewe napendelea alizeti mwitu, ile yenye maua ya njano inayojiotea kandokando ya barabara na kwenye mipaka ya vihamba. Nakatakata majani na vikonyo laini, najaza nusu ndoo, maji hadi juu, nafunika. Baada ya wiki mbili nachuja na kuzimua, kopo moja kwa makopo manne ya maji safi. Harufu ni kali, iweke mbali na dirisha la jikoni. Lakini ina naitrojeni ya kutosha na potasiamu nyingi, na potasiamu ndiyo inayokaza shina na kusaidia ua. Haikugharimu chochote zaidi ya panga.

Ndugu yetu wa Usa River yuko sahihi kwa mchicha, kwa kuwa mchicha tunavuna majani. UREA ni asilimia 46 naitrojeni na hakuna fosforasi wala potasiamu. Dalia ukiilisha hivyo itarefuka, majani mapana ya kijani kizito, shina laini lenye uwazi ndani linalovunjika kwa upepo wa kwanza, vidukari watajaa kwenye ncha, na maua utayahesabu. DAP, yenye naitrojeni na fosforasi, unaweza kuichanganya kidogo sana na udongo wa chini ya shimo siku ya kupanda. Kiribani ni kali.

Kuna jambo linanikera kweli. Watu wanachukua maelekezo ya Uingereza na kuyafuata neno kwa neno. Kule wanaanzishia vyunguni kwa kuogopa sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, hawathubutu kutoa mche nje mpaka mwishoni mwa Mei, hivyo mche unakaa chunguni muda mrefu na lazima ulishwe. Arusha na Moshi hatuna sakitu ya kutuzuia. Kwetu kiriba kinakinga chipukizi changa dhidi ya mvua kubwa na konokono, basi. Wiki nne hadi sita, mche uende ardhini. Na wewe una bahati, Ilboru usiku kuna ubaridi. Dalia asili yake ni nyanda za juu za Meksiko, inaupenda. Aliyeko Moshi mjini, kule chini kwenye joto, atafute mahali penye kivuli cha mchana.

Ukifika jozi ya nne ya majani, kata ncha ya katikati ili itoe matawi. Fanya hivyo kabla ya kuhamisha. Ukichelewa mpaka Novemba utalisukuma ua lipite Krismasi.

Mkazi wa Ilboru

Asante sana mama. Nimevifukua vile viwili. Kimoja kina shingo na naona vinundu vidogo vyekundu. Kingine ni kiazi kitupu, kimekatika juu kabisa. Je, ile ncha nitakayokata inaweza kuota? Na siku ya kuhamisha nifanyeje, nivute au nichane kiriba?

Mama Dalia, Kibosho

Hivyo vinundu ndiyo macho yenyewe, kirudishe haraka, udongo ukifunike sentimita chache tu. Kile kitupu kitoe, kiriba chake umpe mwingine.

Ncha inaota ikiwa na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kata chini kidogo ya kifundo cha majani, ondoa majani ya chini, ichomeke kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa kivuli. Wiki mbili au tatu itakuwa na mizizi. Na hiyo usiipe mbolea mpaka uone inatoa majani mapya.

Kiriba chana, usivute. Mwagilia usiku wa kuamkia siku hiyo ili udongo ushikamane. Wiki moja kabla, zizoeshe jua, leo kwa muda wa saa mbili, kesho zaidi, mpaka zishinde nje. Panda jioni, mche hadi mche sentimita 60. Na mti wa kuegemeza uchomeke kwanza ndipo uweke mche. Ukichomeka baadaye utatoboa viazi usivyoviona.

Fundi Bustani, Njiro

Naongeza moja. Kama eneo lako lina fuko, chimba shimo pana, tandika wavu wa banda la kuku chini na pembeni, upandishe ukingo wake juu ya udongo kidogo. Fuko hutokea chini, hutaona dalili mpaka mmea unyauke, ukiuvuta unakuja na shina tupu. Konokono nao waokote usiku kwa tochi, wiki mbili za kwanza wanamaliza majani laini yote.

Mama Dalia, Kibosho

Hilo la fuko ni kweli kabisa, na wavu uwe mpana maana viazi vinaongezeka. Mwanangu, ukishapanda, acha mbolea wiki mbili zishike ardhi kwanza, halafu endelea na maji ya alizeti mwitu mpaka uone vitumba.