Baba ameacha sigara, leo siku ya tisa. Akitetemeka ni arosto (mwili kudai sigara) au sukari imeshuka?

BintiKirumba: Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Baba ana miaka 61, anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kisukari anacho mwaka wa saba, anatumia metfomini na glibenklamaidi. Sigara kavuta tangu ujana. Kidonda cha mguu kilichogoma kupona miezi mitatu ndicho kilichomtisha akaacha. Sasa kila hamu ikimshika anamung'unya peremende. Juzi jioni sukari ilipanda, ikasoma 14.8 (mmol/L). Jana saa tano asubuhi jasho likamtoka, mikono ikatetemeka hadi akashindwa kufunga gunia, na anafoka ovyo. Wenzake wakasema hiyo arosto, mpeni moja tu. Mama akampa soda, akatulia. Sikumpima. Nilitakiwa nifanyeje?

NesiWaZamu: Pole mdogo wangu, na mzee mpe hongera zangu. Jasho, kutetemeka, hasira, njaa: arosto inaleta, sukari ikishuka nayo inaleta. Mimi nesi wa miaka mingi na kwa macho siwezi kuzitofautisha. Pima. Ikisoma chini ya 4, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, subirini dakika 15, pima tena. Mashine ikiwa mbali, mpe sukari usibahatishe; mama hakukosea. Ila akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaambiwi. Nikotini ya sigara huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari. Sigara ikiondoka, ugumu ule hupungua taratibu, na dozi iliyomtosha jana inaweza kumzidi. Glibenklamaidi ndiyo ya kuangalia zaidi, maana inashusha sukari hata kama tumboni hamna kitu. Jana alikula kabla ya dawa?

BintiKirumba: Hapana sista. Alimeza alfajiri na chai ya rangi tupu, boti za visiwani zilikuwa zimeshaingia.

NesiWaZamu: Basi ndipo penyewe. Asimeze kabla ya chakula. Dozi msipunguze wenyewe. Andikeni vipimo na saa, mwende navyo kliniki wiki hii hii.

MzeeWaIgombe: Binti, mimi nina kisukari na niliacha. Hamu ikija haikai, ni dakika chache. Nilikuwa natembea hadi majini na kurudi huku natafuna tango au mswaki. Peremende zilinipandishia sukari na kilo. Siku tatu za kwanza ndizo kali, na yeye kazipita. Hao wa "moja tu" waombe kwa heshima wamsaidie. Na muulize kama kiberiti bado kiko mfukoni. Changu kilinirudisha mara mbili.

BintiKirumba: Ahsanteni sana. Nimemuuliza, kiberiti kipo, anasema cha kuwashia jiko. Kanipa mwenyewe. Leo kabla ya uji wa ulezi amesoma 6.9, nimeiandika nyuma ya daftari lake la mauzo. Alhamisi tunaenda kliniki.