Posa iko wapi katika filamu ya ndugu saba?

Binti Mkomani: Jana usiku, hapa Lamu, tulitazama filamu ya Marekani ya mwaka 1954, Seven Brides for Seven Brothers. Bibi yangu, aliyekuwa akikuna nazi, alisimamisha mkono juu ya mbuzi pale ndugu sita walipowateka wasichana wa watu na kuwapeleka mlimani. Je, huko Oregon, Marekani, mwaka 1850, filamu inakosimulia, ndivyo walivyooana?

Mzee wa Langoni: La, mwanangu. Chimbuko lake ni kisa cha kale cha Warumi kuwateka wanawake wa Wasabini, majirani zao, ambacho Stephen Vincent Benét alikigeuza kuwa hadithi fupi. Mimi naitazama kwa ajili ya ile ngoma ya siku ya kujenga ghala tu, iliyobuniwa na Michael Kidd, ambapo vijana wanacheza juu ya ubao mwembamba kama mabaharia.

Shangazi wa Shela: Mzee wangu, shikamoo. Umemsahau Milly, mke wa yule ndugu wa saba, mkubwa wao, aliyewatoa wanaume nyumbani wakalale ghalani hadi theluji iliyoziba njia ilipoyeyuka. Hata hivyo, posa haikupelekwa.

Binti Mkomani: Ahsanteni. Bibi amekubali kuimalizia, ila wimbo wa utekaji anataka niurukishe.