Mrejesho: Fezanti wanaomkimbia mbwa

Wakuu, niliuliza nikiwa hapa Dar kwa niaba ya kaka yangu aliyeko South Dakota, Marekani: mbwa wake wa kuwindia ananusa, anasimama kuonesha ndege alipo, kumbe fezanti (jamii moja na kwale wetu) keshatimua mbio majanini.

Ushauri wenu umefanya kazi. Sasa kaka na wenzake wanashuka garini kimya, milango haibamizwi, wanaingia wakikabili upepo, na baadhi yao wanatangulia kuziba mwisho wa shamba. Ndege akikosa pa kukimbilia, anajibanza. Ila kilichosaidia zaidi ni kumwacha mbwa asogee harufu inapohama, badala ya kumlazimisha asimame tu. Kule mwindaji anaruhusiwa madume 3 kwa siku, majike hawaguswi.

Aliyeshauri kola ya umeme (ya kumpiga mbwa shoti akikosea): hapana, mkuu.