Picha ya darubini ya kukodi Chile: ni picha ya nani?

MzeeWaMagadi
Wakuu, nimekaa kimya wiki nzima, leo nasema. Kura ya picha bora ya mwezi wa nne kwenye kikundi chetu cha wapigapicha wa nyota, mshindi ni Nebula ya Carina, lile wingu la gesi la anga la kusini, iliyopigwa kwa darubini ya kukodi inayoendeshwa kwa mtandao, bonde la Río Hurtado, Chile. Iliyoshika nafasi ya pili ni Kilimia, kijana kaipiga ufukweni Bagamoyo kwa lenzi yake mwenyewe, mbu wakimla. Mtu aliyebonyeza kitufe akiwa kitandani Kinondoni, darubini si yake, anga si la kwao, ndiye tumwite mpigapicha wa nyota? Kwangu hiyo ni sawa na kununua nguru pale Feri, ukapiga naye picha, ukatangaza umevua.

DarUsiku
Shikamoo mzee. Aliyebonyeza ni mimi, na kitandani sikuwepo. Ikiwa saa tatu usiku Chile, kwetu ni saa kumi alfajiri. Niliamka usiku nne mfululizo kuangalia picha zikiingia, kisha saa kumi na mbili nikapanda daladala kwenda kazini. Nilichagua mimi kichujio cha kupitisha mwanga wa gesi ya haidrojeni, nikapanga picha 36 za dakika tano tano. Usiku wa kwanza wingu likaniharibia 11, nikaomba muda upya. Kuzichakata kwenye programu ya Siril kumenichukua wiki mbili.
Na kwa nini Carina niifuate Chile? Kwa sababu saa za jioni inakaa vizuri Machi hadi Mei, na kwetu hiyo ni masika. Mwaka huu nimehesabu usiku safi mitatu tangu mwezi wa tatu uanze, yote katikati ya wiki.

Binti_Tanga
Mimi nimeumwa na hilo la nguru. Baba yangu kavua miaka thelathini na hajawahi kumiliki hata ngalawa. Chombo cha tajiri, mashine ya tajiri, nyavu za tajiri. Wakirudi, tajiri anachukua fungu la chombo na fungu la mashine, kinachobaki wanagawana. Kwa hiyo baba hakuwa mvuvi?

MzeeWaMagadi
Binti yangu, usinigeuzie maneno. Baba yako alikuwa ndani ya chombo. Alilowa. Alijua kusi ikivuma afanye nini. Huyu wa Chile hata baridi ya Chile haijui.

Binti_Tanga
Basi swali si darubini ya nani, ni kulowa. Ungesema hivyo tangu mwanzo. Kuna manahodha wazee Tanga hawaendi tena baharini, wanakaa pwani wanawaelekeza vijana watupe nyavu wapi, na fungu lao wanapewa. Hakuna anayewaita wanunuzi.

Pwani_Pwani
Fungu la nahodha wa nchi kavu linatolewa wapi? Kwetu Kilwa halipo.

Binti_Tanga
Kwetu lipo. Kilwa ni Kilwa.

Fundi_Lenzi
Acheni samaki kidogo. Mimi niko na mzee, ila sababu yangu ni nyingine. Ili stendi ifuate nyota lazima uilenge kwenye ncha ya anga, nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka, na Dar ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya upeo. Stendi nyingi za kufuata nyota zimetengenezwa kwa watu wa Ulaya na Marekani, haziinami kufika huko. Yangu niliichongea kabari ya mninga chini ya mguu mmoja. Nyota ya kulengea, Sigma Octantis, ni hafifu mno, na chini kule kuna ukungu wa bahari na taa za Kigamboni, kwa hiyo unalenga kwa kutazama nyota inavyopotoka, unarekebisha nukta kwa nukta, saa nzima inakwisha. Umande ukishuka unafunga mkanda wa kupasha lenzi joto. Nilizembea mara moja kuhifadhi lenzi, ikaota kuvu ndani. Mambo hayo ndiyo yaliyonifunza anga, na anayekodi hayapati.

nyota_kusini
Hamia Nairobi kaka, huku nyota ya kaskazini tunaiona, unalenga nayo tu.

Fundi_Lenzi
Hamuioni. Nairobi iko kusini ya ikweta zaidi ya nyuzi moja, na ile nyota iko karibu theluthi mbili ya nyuzi kutoka kwenye ncha ya kaskazini. Kwenu haichomozi. Mnaangalia nyota nyingine.

nyota_kusini
Nimeiona na macho yangu mawili nikiwa Meru.

Fundi_Lenzi
Ulisema Nairobi. Meru ya Kenya iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, hiyo ni habari nyingine.

Mswahili_Bremen
Habari za usiku. Mzee ana hoja moja nzito ambayo hakuitaja. Mwaka 2018 Borisov, mtazamaji wa nyota wa Crimea, aligundua nyota ya mkia (kometi) ya kwanza kutoka nje ya mfumo wetu wa jua, na darubini aliiunda mwenyewe. Ya kukodi ingempa hiyo?

DarUsiku
Ni 2019, tarehe 30 Agosti. Na ile ilikuwa na kioo cha sentimita 65, kaka. Nionyeshe fundi wa Dar wa kukichonga nami kesho naanza kuweka akiba.

Mswahili_Bremen
Sawa, 2019. Hata hivyo mashindano ya picha za anga ya Greenwich, Uingereza, yaliwahi kuweka tuzo ya peke yake ya darubini za roboti, baadaye wakaweka tuzo ya Annie Maunder kwa wanaochakata data waliyopiga wengine. Walitenganisha mafungu, hawakufukuza mtu. Kinachonikera mimi ni wale wanaonunua kifurushi cha picha kilichokwisha kupigwa, watu mia wanacho kile kile, kila mmoja anaandika "nimepiga".

MzeeWaMagadi
Hao ndio ninaowasema!

DarUsiku
Hapana mzee, umenisema mimi. Umetaja Carina, umetaja Kinondoni. Chini ya picha yangu niliandika darubini ya kukodi, Chile, kichujio, idadi ya picha, tarehe. Kijana wa Bagamoyo hakuandika hata lenzi aliyotumia, na hakuna aliyemuuliza.

Fundi_Lenzi
Hilo kweli. Nilimpigia kura bila kujua.

MzeeWaMagadi
Nimerudi kusoma maelezo ya picha. Umeandika yote, tena juu kabisa. Mwezi ujao nitaomba wasimamizi wagawe kura mara mbili, za anga la hapa peke yake na za kukodi peke yake, na kila mtu aandike vifaa vyake. Kijana wa Bagamoyo naye aandike.

DarUsiku
Kugawa sipingi. Bado nasubiri uondoe neno "kitandani".

MzeeWaMagadi
Kitandani nimeliondoa, mwanangu, unisamehe. La nguru siliondoi.

Binti_Tanga
Basi tutaendelea.