Eti "Kwani logi nayo hula diski?"

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inanitetemeka. Yule bwana, ambaye nyote mnamjua, aliingia jana jioni kwenye seva ya hifadhidata ya PostgreSQL inayohudumia wateja, akaweka log_statement = all (yaani kila kwiri, kila ombi linalotumwa kwa hifadhidata, iandikwe kwenye logi, faili la kumbukumbu za seva) ili aisake kwiri moja tu iliyokuwa ikimsumbua, kisha akaenda zake kulala fofofo. Usiku wa manane diski ikajaa pomoni, hifadhidata ikazima, nami nikapigiwa simu nyingi kuliko nywele zangu (ambazo, nakiri, si nyingi). Asubuhi nilipoeleza chanzo, alinikazia macho mbele ya bosi akauliza: "Kwani logi nayo hula diski?" Hula diski! Angeweka log_min_duration_statement = 500, zingeandikwa kwiri zile tu zinazochukua nusu sekunde na kuendelea. Lakini hapana, mbele ya bosi: "Kwani logi nayo hula diski?"

Kobe_Mpole: Pole sana, mkuu. Ila nani alimpa nywila ya msimamizi?

Mwanzisha uzi: Nilimpa mimi. Hilo si hoja.

Kobe_Mpole: Basi diski imeliwa na wawili.

Bi_Indeksi: Wa kwetu alilifuta faili la logi wakati hifadhidata bado imelishikilia, nafasi haikurudi hata baiti moja, akatangaza kwamba seva imerogwa.

Mzee_wa_Seva: Afadhali hao. Wa kwetu alituma logi nzima kwenye kundi la WhatsApp ili "tusaidiane", na ndani yake mlikuwa na namba za simu za wateja wote, ya mkwe wangu ikiwemo.

Mwanzisha uzi: Jamani, mtu aliniuliza mbele ya bosi kama logi hula diski!

Chai_Rangi: Nyinyi angalau mnaziona kwiri zenyewe. Mimi nimewasha show_sql ya Hibernate (maktaba ya Java inayotuandikia kwiri) ili inionyeshe kwiri zake, na kila penye thamani naletewa alama ya kuuliza, kana kwamba programu ndiyo inayonihoji mimi.

Bi_Indeksi: Washa pia logi ya thamani zinazofungwa kwenye kwiri, kwa kiwango cha trace, kile cha undani kabisa. Unatumia toleo la 5 au la 6? Jina la kipengele hicho lilibadilika.

Chai_Rangi: La 6.

Bi_Indeksi: Basi ni org.hibernate.orm.jdbc.bind. Ukishaiona kwiri yako, izime logi hiyo kabla hujaenda kulala.