Dead Cells: niinunue ama itanichosha?

Swali: Wadau wa Nairobi, nafikiria kununua gemu ya Dead Cells. Ugumu wake uko wapi, na udhaifu je? Bando langu ni dogo.

Jibu 1: Bando lisikutishe, ukishaipakua, inachezwa bila intaneti. Uzuri wake ni mwendo: kuruka, kubingirika na kupiga vinaitikia kidole papo hapo, kwa hivyo ukifa unaliona kosa lako. Wanaoanza huharibu mambo kwa kugawa skroli (vitu vya kuongeza nguvu unavyookota) kwenye rangi zote tatu. Angalia rangi ya silaha yako kuu, nyekundu, zambarau ama kijani, halafu weka karibu skroli zote huko. Ukizitawanya, utamfikia bosi Concierge na silaha butu, pambano lirefuke, na makosa yaongezeke.

Jibu 2: Naongeza, mkuu: seli ulizookota (ndizo za kulipia vitu vipya) hupotea ukifa kabla ya kumpa Collector, mhusika anayekaa kati ya eneo moja na lingine. Lipia chupa ya afya kwanza, silaha baadaye. Ngao nayo usiishikilie tu. Ibonyeze pigo likikaribia kutua.

Jibu 3: Udhaifu upo. Kila kifo kinakurudisha Prisoners' Quarters, eneo la kuanzia, na eneo hilo linachosha haraka. Pia kila silaha unayofungua inaingia kwenye bahati nasibu ya silaha utakazokuta, kwa hivyo uipendayo huonekana mara chache. Usifungue kila kitu! Ukimaliza unapata Boss Cell, inayofungua ngazi ngumu zaidi. Ngazi hizo ziko 5, na nafasi za kujaza chupa hupungua. Hapo ndipo ugumu wenyewe huanza.